Mwimbaji Halipwi kwa Dakika



Mfunguo mosi umeingia, na dukani kwetu magauni yametundikwa mpaka nyuma ya mlango. Kamati za harusi zinakaa kila baada ya Isha. Nasi kwa kuwa ni mafundi, tunaitwa kwenye kamati nyingi kuliko tunavyopenda, na tumeliona jambo moja likijirudia. Ukumbi una bei yake, haubishaniwi. Mpambaji ana bei yake. Mpishi wa biriani akishasema, imekwisha. Akifikiwa mwimbaji, kila mtu anakuwa hodari wa hesabu: "Huyo si ataimba nyimbo tatu tu? Laki tatu za nini?"

Leo tunataka kumtetea mwimbaji. Na tutaanza na mteja wetu mmoja wa Uingereza, maana yeye ndiye aliyetufanya tuhesabu upya.

Alikuja mwaka juzi, mapumzikoni, akakaa wiki mbili mjini. Aliingia dukani na gauni jeusi la zamani mkononi, akataka jengine mfano wa hilo. Tukasema hii kazi nyepesi. Tukampima kifua, tukaandika. Akasema, pima tena. Akavuta pumzi, mbavu zikafunguka kama mwavuli, na futi ikatukimbia karibu inchi mbili. "Nishonee kwa kipimo hiki." Tumepima wanawake miaka kumi na tatu, hakuna aliyewahi kutuambia hivyo. Mabibi harusi wetu wanataka kinyume chake: shoga, bana, bana zaidi, hata ikiwa siku hiyo pilau halitapita.

Tukamtolea vitambaa. Tafeta aliikataa, lesi yenye shanga akaikataa. Alikuwa akikichukua kila kitambaa, anakisugua karibu na sikio. Akatueleza kuwa anaimba mahali ambapo kimya nacho kimo ndani ya wimbo, na kinasa sauti kinashika hata mkono ukigusa ubavu. Kwa hiyo kitambaa kisichakarike, shanga zisiwepo, mkono uwe na nafasi kwa sababu anashika jalada la nota, na pindo lisifike chini kwa kuwa anapanda ngazi za jukwaa. Akataka na risiti. Gauni kwake ni chombo cha kazi, kama mkasi ulivyo kwetu.

Yeye ni soprano, ndiyo sauti ya juu ya mwanamke katika uimbaji wao ule wa nota. Hana kikundi, hajaajiriwa na jumba lolote la muziki. Anaishi kwa oda, sawasawa na sisi. Na anachokiimba zaidi si nyimbo za zamani ambazo watu wao wanazijua kwa moyo. Anaimba kazi mpya, zinazoandikwa na watunzi walio hai, nyengine hazijapata kusikiwa na mtu yeyote mpaka siku atakayosimama yeye.

Kila alipokuja kujaribu nguo alikaa pembeni na makaratasi yake, penseli, na kijichuma chenye ncha mbili mfano wa uma. Anakigonga gotini, anakiweka sikioni, kinamlilia sauti moja tu, na kutoka hapo anazitafuta nyengine kimoyomoyo, mdomo umefungwa. Wasichana wetu wa cherehani walikuwa wakicheka chini chini. Barabarani alikuwa anajifunga leso yetu shingoni mpaka puani, jirani mmoja akatuuliza kama mgeni wetu amesilimu. Hapana, alikuwa anaikimbia baridi ya viyoyozi na vumbi. Cherehani yetu ikikataa tunamwita fundi wake. Yeye koo likikataa, kazi imesimama na malipo yamesimama.

Basi tukamuuliza, kwa Kiingereza chetu cha fomu foo na mtoto wa dada yetu akitusaidia, huo wimbo anaousoma ni wa muda gani.

Dakika tisa.

Na ameanza lini kujifunza? Alisema mpaka siku ya kuimba zitakuwa wiki saba, saa mbili kwa siku, siku tano za wiki. Tukapiga hesabu kwenye daftari la vipimo: saa sabini. Hapo bado siku mbili za mazoezi pamoja na wapiga ala. Mkataba wake unalipa usiku wa kuimba na zile siku mbili. Saa sabini ni zake peke yake. Mpiga piano anayemsaidia kujifunza, anamlipa mwenyewe. Mwalimu wa sauti, maana hata mwimbaji mkubwa hamwachi mwalimu, anamlipa mwenyewe. Nauli na chumba mara vimo mara havimo. Wakala akiwepo ana fungu lake. Na mtunzi naye huenda akaleta makaratasi kwa kuchelewa, au akabadilisha ukurasa mzima siku chache kabla, kama yule bibi harusi anayekuja Alhamisi kutaka mikono ya gauni la Jumamosi ikatwe upya.

Tukauliza, sasa unakula nini? Anafundisha wanafunzi. Jumapili anaimba kanisani kwa malipo, maana London yako makanisa yenye waimbaji wa kulipwa. Siku nyengine simu inalia jioni, mwimbaji fulani anaumwa, yeye apande treni asubuhi akaimbe badala yake. Analala na makaratasi. Tulipomwambia hiyo kazi ngumu, alicheka, akasema si ngumu kama kushona kola. Tulimpenda tangu hapo.

Alitutajia pia bingwa wao, kwa heshima ile tunayomtajia sisi Siti binti Saad. Anaitwa Jane Manning, mzaliwa wa Norwich mwaka 1938, amefariki 2021. Mama huyo aliimba kazi zaidi ya 350 ambazo hazijapata kuimbwa kabla yake popote duniani. Hebu fikirini, mara 350 mtu anasimama mbele za watu na wimbo ambao hakuna wa kumwigiza, hakuna sahani ya kusikiliza, hakuna bibi aliyeuimba zamani. Mtunzi wa kike, Judith Weir, alimwandikia mwaka 1979 kazi iitwayo King Harald's Saga, kisa cha mfalme wa Norwei aliyekwenda kuivamia Uingereza mwaka 1066 akauawa. Ni mchezo mzima wenye mfalme, wake zake wawili na wengineo, kama dakika kumi tu, na wote anawaimba mwanamke mmoja, bila ala hata moja kumshika mkono. Mtunzi mwengine, Luciano Berio wa Italia, alimwandikia Cathy Berberian wa Marekani wimbo ambao ndani yake mwimbaji anacheka, ananong'ona, anakohoa, na vyote hivyo vimeandikwa karatasini na lazima vije kwa wakati wake. Wengine watasema huo si wimbo. Hata sisi, mteja wetu alipotuwekea kwenye simu, tulitazamana. Lakini kuwa hatukuupenda hakupunguzi saa alizokaa nao.

Jane Manning aliandika na vitabu vya kuwaonyesha waimbaji wengine nyimbo mpya za kujifunza, na zina ugumu gani. Mteja wetu alituambia shida yao kubwa si kuimba mara ya kwanza. Shida ni mara ya pili. Kila anayekodi anataka kitu kipya. Wimbo umejifunzwa wiki saba, umeimbwa dakika tisa, umewekwa kabatini.

Hapo ndipo tulipojitazama sisi.

Gauni la harusi linavaliwa mara moja. Tukitoa muda wa saluni na picha, linakaa mwilini kama saa nne, kisha linaingia kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Tangu tuanze kazi hii hakuna mteja hata mmoja aliyetuambia, "Nitakulipa za saa nne." Wote wanajua kuwa kuna kukata, kuna bitana, kuna kudarizi mpaka macho yakauma, kuna kufumua na kushona tena. Kazi yetu inaonekana kwa sababu inashikika. Ya mwimbaji imepita hewani, basi tunaihesabu kwa dakika ilizochukua kupita.

Sasa tuseme letu, maana tusijifanye wasafi.

Miaka michache nyuma tulikuwa katika kamati ya harusi ya mtoto wa jamaa zetu. Tulimchukua mwimbaji wa hapa hapa, mwanamke mwenye watoto, anayeimba kwenye shughuli za wanawake. Si nyota wa mabango. Tukampa oda maalumu: wimbo mpya wa bibi harusi, watajwe wazee wake, na zaidi atajwe bibi yake aliyemlea tangu mdogo. Bei laki tatu. Arubuni hatukutoa, na yeye kwa haya hakudai. Alikwenda mara mbili kukaa na yule bibi, akamsikiliza hadithi zake, akatunga maneno, akamlipa kijana wa kinanda amtilie mahadhi, wakafanya mazoezi.

Wiki ya harusi bibi akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndoa ilifungwa kimya kimya msikitini kama ilivyopangwa, sherehe ya ukumbini ikafutwa. Ukumbi ulibakisha arubuni yake, hakuna aliyelalamika. Mpambaji alikuwa ameshanunua maua, akalipwa maua yake. Gauni lilikuwa limekwisha, nasi tulikuwa tumeshalipwa mpaka senti ya mwisho.

Baada ya siku arubaini mwimbaji alituma ujumbe. Alitanguliza pole, akaomba nusu. Mwenyekiti wa kamati akamjibu neno moja: "Hukuimba."

Tulikuwepo. Tuliusoma ujumbe ule kwenye simu ya mwenyekiti, tukanyamaza. Sisi ambao ukutani dukani tumebandika karatasi, HATUKATI KITAMBAA BILA NUSU YA MALIPO.

Mteja wetu wa Uingereza alipotuhadithia habari za mwaka 2020, ndipo ujumbe ule uliporudi kooni. Mwezi wa tatu mwaka ule, ugonjwa ulipoingia kwao, shughuli zake zote za miezi ya mbele zilifutwa. Mikataba ilikuwa na kifungu kinachosema kuwa shughuli ikizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wa watu, hakuna anayemdai mwenzake. Nyimbo alikuwa ameshazijifunza. Wapo waliomlipa kidogo kwa ubinadamu, wapo waliosema hukuimba. Kwa Kiingereza, lakini neno lile lile. Na sisi mwaka ule ule, watalii walipotoweka, tuliishi kwa kushona barakoa, tukilalamika kuwa watu hawana huruma na wafanyabiashara wadogo.

Tunajua mtakayosema, tumeshayasikia kwenye kamati.

Kwanza mtasema mwimbaji anatunzwa. Kweli anatunzwa, na tunapenda sana kunyanyuka na noti zetu watu watuone. Lakini tuzo ni hidaya, si ujira. Tuzo inagawanywa na kijana wa kinanda na wa dumbaki, tena inategemea nani amekaa mbele na amekuja na nini kwenye pochi. Na siku ambayo shughuli haikuwa, nani amtunze?

Halafu yuko atakayesema, mbona mnatetea mambo ya nyimbo, hamuogopi? Hukumu ya muziki tunawaachia masheikh, na kila mmoja amfuate anayemwamini. Wako wanaotosheka na dufu na kasida, wako wasiotaka hata hivyo, na harusi yao inapendeza vile vile. Sisi tunazungumza na yule ambaye ameshaamua kumwita mwimbaji. Ukiona haifai, usimwite. Ukimwita, mlipe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hatujasikia kuwa jasho la koo limetolewa humo.

Jengine ni pesa. Harusi zimekuwa ghali, hilo hatubishi. Sisi wenyewe tunashona sare za watu mia na tunajua wako waliozikopea. Lakini ikiwa mfuko ni mdogo, punguzeni vitu msipunguze haki. Keki ya ghorofa nne ikiwa mbili hakuna atakayekufa. Mwimbaji mmoja na kinanda akilipwa kamili ni bora kuliko kikundi cha watu kumi wanaorudi nyumbani na ahadi. Au msitake wimbo mpya. Wimbo anaoujua mwimbaji tangu zamani ni sawa na gauni la kukodi: lipo, linatolewa, linavaliwa, bei yake iwe nyepesi. Wimbo wenye jina lako na la bibi yako ni gauni lililokatwa kwa mwili wako. Huwezi kulirudisha dukani likauzwa kwa mwengine.

Tunajisifu sana kwa waimbaji wetu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mpaka leo tukitaka kuonyesha kuwa mwanamke wa Unguja ni mtu tunamtaja yeye. Bi Kidude tulimzika mwaka 2013, dunia nzima ikatupa pole. Walio hai tunawaambia laki tatu za nini.

Na wao waimbaji tuna neno nao, kwa mapenzi. Haya yenu inawaponza. Yule mteja wetu alikuwa mpole, hapandishi sauti hata kwa bei, lakini kila shughuli ina karatasi: anaimba nini, wapi, kwa kiasi gani, analipwa lini, na ikifutwa inakuwaje. Hakuna aliyemwona mkorofi. Nanyi andikeni, hata kwenye ujumbe wa simu. Nusu mbele, kabla hamjatunga mstari wa kwanza. Tarehe ikisogezwa, nusu ile inabaki. Ikifutwa, nusu ile ni ya kazi mliyokwisha kuifanya. Sisi mafundi tumejifunza hivyo baada ya kuachiwa vitambaa vilivyokatwa, na hakuna haja na nyinyi mjifunze kwa njia hiyo.

Mgeni wetu alipoondoka na gauni lake, tulimtafuta yule mwimbaji wetu. Tulichukua laki moja na nusu mfukoni mwetu, si ya kamati, maana kamati ilishavunjika zamani. Hakututolea maneno. Alituandalia chai ya tangawizi na vitumbua, akazipokea pesa, akaziweka chini ya kitambaa cha meza bila kuzihesabu. Kisha akaenda chumbani akarudi na daftari la mtoto la skuli, kurasa za katikati ameandika wimbo ule wote, majina ya wazee, na mambo ambayo yule bibi alimsimulia: safari ya jahazi, kanga ya kwanza aliyonunuliwa, mwembe wa nyuma ya nyumba. Sisi tulio jamaa tulikuwa hatuyajui hayo. Akatuuliza kama mwari wetu angependa kuwa nayo. Tumempelekea kurasa, ameziweka pamoja na gauni.

Tulimuuliza naye siku hizi anafanyaje. Akasema sasa anachukua nusu mbele, na ameshapoteza harusi mbili kwa sababu hiyo, na hajutii.

Juzi tulikaa kwenye kamati nyengine. Lilipotajwa jina lake na sharti lake, mwenyekiti akasema huyu naye amekuwa mzungu. Tukamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwetu, ambayo mwenyewe ameshaitekeleza mara tatu kwa magauni ya mabinti zake. Akanung'unika kidogo, akafungua bahasha, akatoa noti za elfu kumi kumi, akazihesabu mara mbili, akatuuliza nani atazipeleka usiku huu.